Muulize Somo: Kaachwa na Mchumba, Kashikwa na Bibi

*Somo, shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 26, mwandishi (bado sijachapwa). Mchumba wangu kaniacha, kaolewa Dar na mtu wa forodha. Tangu hapo kalamu haiendi, na ikienda inaandika jina lake tu. Juu ya hayo nimeachiwa bibi yangu aliyevunjika nyonga nimuuguze, eti mimi ndiye sina kazi. Usiku silali kwa hadithi zake za zamani. Nifanyeje nipate utulivu niandike riwaya ya maumivu yangu?*
*Moyo Majeruhi, Ngamiani*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeipunguza, maana kurasa zote za katikati zilikuwa macho ya binti wa watu.

Tuanze na huyo mume wa Dar. Kwenye kurasa nilizozikata umesema mtu wa forodha hawezi kujua shairi ni nini. Taratibu hapo. Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909 akazikwa Machui, hapo kusini mwa mji wa Tanga, alikuwa karani wa forodha miaka na miaka. Alifiwa na mkewe Amina, akamtungia shairi la maombolezo linalosomwa hadi leo. Msiba ulimpa shairi, haukumpa likizo. Kazi ya serikali aliendelea nayo, na watoto aliwatungia tenzi: Adili kwa wa kiume, Hati kwa binti. Wewe mkeo hajafa. Tena hakuwa mkeo.

Sikukatazi kulia. Shakila, mtoto wa Pangani, aliimba Kifo cha Mahaba, na mji huu unajua kumtunza pesa anayelilia mapenzi vizuri. Ila yeye alilia kwa ala na kwa mpangilio.

Halafu unaandika kwamba umebaki bila mke. Kijana wa Tanga unathubutu kusema hivyo, bibi yako yuko chumba cha pili? Tangu ulipokatwa kitovu anakuita "mume wangu." Huyo mchumba wako, na mahamri yake aliyoleta sikukuu, kwake alikuwa mke mwenza tu. Sasa mke mkubwa yuko kitandani anamngoja mumewe amgeuze.

Basi mgeuze, kila baada ya saa mbili, kwa namna waliyokuonyesha hospitali, mto katikati ya magoti. Shuka inyooshe kwa kiganja hadi isibaki na mkunjo, maana mkunjo mmoja ukilaliwa usiku kucha huanzisha kidonda, na kidonda cha kulalia kwa mzee hakina haraka ya kupona. Mafuta ya nazi mpake miguuni na mikononi. Ngozi ikishaiva wekundu usiisugue, ipumzishe isilaliwe. Kisha mpondee tambuu kwenye kile kinu chake kidogo, kwa kuwa meno hana: jani, popoo, tumbaku chembe, chokaa ya ncha ya kidole. Ukizidisha chokaa utamuunguza ulimi, na huo ulimi mtaa mzima unaujua. Daktari hatapenda habari ya tambuu, nami sijakwambia kitu. Faida yake ni kwamba mkono ulioshika mchi hauwezi kumwandikia ujumbe mke wa mtu.

Sasa hadithi. Katika barua yote ndefu, umezipa mstari mmoja: "habari za karani wa shamba la mkonge aliyemposa, akapanda treni asirudi." Mwanangu! Hiyo umeipitia kama kituo kisicho na abiria? Mkonge uliletwa pwani hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, na miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Zikaja kamba za plastiki, bei ikaanguka, mashamba mengi yakataifishwa mwaka 1967, na kambi zilizojaa manamba kutoka bara zikaanza kuota nyasi. Hayo utayakuta maktabani. Usichokikuta huko ni karani alivaa nini siku ya mshahara, alikopa nini dukani, na mtu aliyekosa siku moja kutimiza kipande chake cha siku 30 alimbembelezaje. Anayejua hayo umelala naye ukuta mmoja, nawe umejiziba masikio kwa mto.

Muulize pia baada ya ile treni alikaa muda gani kabla hajakubali posa nyingine. Asipojibu, andika kwamba hakujibu.

*Somo, naandikiwa na mtoto wa jirani, mkono wangu unatetemeka. Nimevunjika nyonga, masikio ni mazima. Mume wangu mdogo kila usiku ananisomea karatasi zake, macho, macho, macho ya yule binti, nami silali. Mimi niliachwa na karani mfupi mwenye makengeza, kaondoka na shilingi ishirini za baba yangu, wala sikumsumbua mtu kwa maandishi. Nimnyamazisheje bila kumuumiza?*
*Bibi wa Mtu, Ngamiani*

Shikamoo, bibi. Jibu la mumeo liko hapo juu, akusomee mwenyewe kwa sauti. Akirudi kwenye macho, mkatize kwa makengeza, ila usimpe bure: kwanza tambuu ipondwe ilainike. Na hizo shilingi ishirini, bibi, alizipataje kwa baba?