Jinsi ya Kutoka Jasho Bila Faida

Umeamua kwamba ifikapo harusi ya Desemba uwe na kifua cha mbeba vyuma na pumzi za mkimbia marathoni. Lengo hilo linafikika, tena bila miujiza, kwa hiyo ukitaka kulikosa itabidi ujitahidi.

Kwanza, fanya yote, kila siku, mpaka nguvu ziishe. Hapa kigezo chetu ni Robert Hickson, mtafiti wa Marekani na mpenzi wa vyuma, ambaye misuli yake ilianza kunywea alipoingia kwenye mbio na bosi wake. Mwaka 1980 alichapisha matokeo ya jaribio la wiki 10. Kundi la kwanza lilinyanyua vyuma siku 5 kwa wiki. La pili lilikimbia na kuendesha baiskeli kwa kasi, siku 6. La tatu, maskini, likabebeshwa ratiba zote mbili. Nguvu za miguu yao zilipanda vizuri mpaka kama wiki ya 7, zikagota, kisha zikaanza kushuka. Ratiba hizo mbili ni vipindi 11 kwa wiki. Ukikosa muda, toroka kazini.

Pili, usitenganishe. Shuka kwenye mashine ya kukimbilia miguu ikitetemeka, nenda moja kwa moja ukajitwishe chuma mabegani na kuchuchumaa. Ndani ya msuli kuna protini iitwayo AMPK, ambayo huamka nishati ikipungua. Huhimiza mitokondria ziongezeke, ndiyo maana pumzi hukua; lakini maabara zinaonyesha kwamba huizuia pia mTOR, protini inayosimamia ujenzi wa msuli. Ukipumzika saa kadhaa na kula, AMPK hutulia. Basi usipumzike, na mayai, dagaa na maharage waachie watoto. Wewe chai ya rangi inakutosha. Kulala ni baada ya mechi, na marudio yake.

Tatu, shika nusu ya habari. Jimu hakukosekani mzee wa kukwambia mshika mawili moja humponyoka. Itikia kwa kichwa, usidadisi. Ukidadisi utagundua kwamba pumzi za lile kundi la tatu la Hickson ziliongezeka sawa na za waliokimbia tu. Utagundua pia kwamba uchambuzi wa mwaka 2022, uliojumlisha tafiti zaidi ya 40, ulikuta kuchanganya mazoezi hakupunguzi ukubwa wa msuli wala uzito wa juu kabisa unaoweza kunyanyua. Kilichopungua kidogo ni nguvu za ghafla, zile za kuruka na kuchomoka, hasa pale yote mawili yalipofanywa kwenye kipindi kimoja.

Mkimbiaji naye avikimbie vyuma kama ukoma. Finland, katika utafiti wa mwaka 1999, wakimbiaji walitoa karibu theluthi ya mazoezi yao wakaweka kuruka, mbio fupi na vyuma vyepesi vya harakaharaka. Baada ya wiki 9 muda wao wa kilomita 5 ulipungua, ingawa uwezo wao wa juu wa kutumia oksijeni haukupanda. Unaona hatari hiyo?

Mwisho, kama una jirani anayenyanyua Jumatatu na Alhamisi, anakimbia siku nyingine, anakula, analala, na kila mwezi anaongeza kilo kwenye chuma, usimuulize siri yake. Atakuharibia mpango.