Samaki wa Ziwa, Kokoto za Harusi

Nani aliyeamua kwamba samaki anapenda pinki? Ingia duka la samaki wa urembo hapa Dar, ulizia kitu cha kutandika chini ya tangi, utawekewa mezani mifuko ya kokoto za pinki, buluu na kijani cha kung'aa, kama vile umekuja kupamba ukumbi wa harusi. "Hizi ndizo zinazotoka, bosi wangu." Zinatoka, sawa. Samaki je, kaulizwa?

Mimi nafuga wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makombe ya konokono. Ni ukoo mmoja na sato, ila hawa hata kidole cha mkono hawakifikii kwa urefu. Kazi yao kutwa kucha ni kuchota mchanga kwa mdomo na kuutema kando, mpaka kombe lizame chini libaki tundu la mlango tu. Sasa mpe kokoto ya ukubwa wa harage, tuone atachota nini. Tena chakula kinachobaki kinadumbukia katikati ya kokoto, kinaozea huko, amonia inapanda, halafu unamlaumu fundi wa pampu.

Nikasema nataka mchanga. Wacha washauri wafurike! Shemeji yangu: "Si uende pwani, uko bure?" Uko bure, pamoja na chumvi yake na vipande vya matumbawe. Matumbawe yanayeyuka kidogo kidogo, maji yanakuwa magumu, pH inapanda. Wangu hawana neno, ziwani kwao pH inakaribia 9. Ila shemeji mwenyewe anafuga neon tetra, watoto wa mito ya Amazon, wapenda maji laini. Akiwatandikia huo wa pwani, asije kunililia. Adondoshee siki kwanza. Ukitoa povu, una chokaa.

Ukabaki mchanga wa mtoni, ule wa ujenzi. Tangi langu lina sentimita 60 kwa 30. Unene wa sentimita 5 ni lita 9, yaani kama kilo 14 hivi. Lakini muuza mchanga anahesabu kwa lori! "Kilo 14? Kaka, unajenga nini, kiota?" Kisha kuna kuosha: unakoroga, unamwaga tope, unajaza tena, na mama watoto amesimama mlangoni anauliza kama bili ya maji nitaigawana na samaki.

Wenye maduka, nawaomba. Samaki wa ziwa letu wanafugwa mpaka Ujerumani, na wafugaji wa huko wanawatandikia mchanga. Hapa nchini kwao wanalalia pinki. Tuwekeeni na sisi mifuko ya kilo tano ya mchanga laini uliokwisha kuoshwa. Nitanunua mitatu, na bei siombi ipunguzwe.