Jinsi ya Kuwa Mkurugenzi Mkuu Kabla ya Kubalehe

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana wa miaka 10 hadi 14, mkazi wa Marekani katika miaka ya 1990, mwenye kompyuta nyumbani na marafiki wasiotosha timu ya mpira. Kama wewe ni mtu mzima unayeusoma miaka 30 baadaye ukiwa Mwanza au Mombasa, umechelewa kidogo, lakini karibu. Kupoteza muda hakuna umri wa kustaafu.

Mahitaji

Kompyuta ya DOS ambayo baba aliinunua kwa hesabu za kodi na "masomo ya watoto". Flopi moja au mbili. Laini ya simu inayotegemewa na nyumba nzima. Likizo ndefu. Kipaji si lazima. Kama unacho, usikitangaze mapema, kitakuharibia raha.

Hatua ya 1: Usiitafute

Programu yenyewe inaitwa ZZT. Huwezi kuitafuta kwa sababu hujui kama ipo. Ngoja ikufikie yenyewe, imejibanza ndani ya flopi ya michezo mchanganyiko uliyopewa na binamu, au mkiani kabisa mwa orodha ya mafaili kwenye kompyuta ya mtu fulani ambayo wenzako huipigia simu kwa modemu. Kukaa mkiani kulipangwa. Tim Sweeney, aliyekuwa akisomea uhandisi mitambo katika Chuo Kikuu cha Maryland, aliitoa mwaka 1991, akaipa jina hilo ili iwe ya mwisho katika kila orodha, pale jicho linapotua likishachoka kushuka. Wengine hulipia matangazo. Yeye alitumia alfabeti.

Kampuni yake aliiita Potomac Computer Systems. Ukilisikia jina hilo unaona ghorofa, lifti na mlinzi mwenye daftari la wageni. Makao makuu yalikuwa nyumbani kwa wazazi wake. Shika hilo, ni somo la kwanza la biashara: jina la kampuni liwe kubwa kuliko chumba chake.

Hatua ya 2: Kasirika

Ukiifungua, udhike. Wenzako shuleni wana michezo yenye mashujaa wanaoruka, milima inayopita nyuma yao na muziki wa kila aina. Wewe umepewa herufi. Mchezaji ni uso mweupe unaotabasamu ndani ya kisanduku cha buluu. Simba ni Omega ya Kigiriki iliyopakwa rangi nyekundu. Chui milia ni Pai. Dubu ni O ya kahawia yenye nukta mbili kichwani. Maji, misitu na kuta ni vile vijiraba ambavyo programu za ofisi huchorea fremu za majedwali. Hakuna mchoro hata mmoja: zote ni zile alama 256 ambazo kompyuta za IBM zilikuja nazo, na Sweeney hakuongeza hata moja ya kwake. Sauti inatoka kwenye spika ndogo iliyomo ndani ya mashine, noti moja moja, tena kali; ndiyo maana kitufe cha B kimetengwa kwa kazi ya kuinyamazisha.

Endelea kuudhika mpaka Omega nyekundu ikuguse, afya yako ishuke kutoka 100 hadi 90, ujikute umeruka kitini. Umeruka kwa kuogopa herufi. Hapo ugonjwa umeshaingia, na hakuna chanjo.

Hatua ya 3: Bonyeza E

Cheza Town of ZZT, ile sehemu ya bure ambayo unaruhusiwa kuinakili na kuigawa. Okota vito, tafuta funguo za rangi, washa mienge kwenye vyumba vya giza. Utakwama, na ukikwama utaanza kupiga hesabu ya hela za kuagizia sehemu nyingine kwa posta: Caves, Dungeons na City. Usiharakishe. Kwanza soma ile orodha ya vitufe iliyo upande wa kulia wa skrini. P ni kucheza. Q ni kuondoka. E ni kihariri, yaani chombo kile kile ambacho michezo hii yote imetengenezwa nacho.

Vijana wenye busara wakifika hapa hugeuka, wakaenda kucheza nje. Wewe endelea. Michezo mingi ya wakati ule ilikukaribisha sebuleni, ukala, ukashukuru, ukaondoka. Hii ilikuwa na mlango wa jikoni ubavuni mwa mlango wa sebule, na haukuwa na kufuli. Mwenye nyumba mwenyewe alipitia huko huko. Alianza kwa kujiandikia kihariri cha maandishi cha kufanyia kazi katika lugha ya Pascal, akaanza kuchezea kishale, akakiwekea herufi za kukizuia kisipite. Mchezo ukazaliwa kwenye kazi ambayo haikuuhusu.

Hatua ya 4: Muue kaka yako

Ubao mpya, yaani skrini moja ya mchezo wako, huja na wigo wa njano pande zote. Usiuguse. Kila mgeni huuacha vile vile, na wigo huo ndio utakaowatambulisha wenzako kwamba umefika jana. F1 inaleta vitu, F2 viumbe, F3 kuta na maji. Jaza simba 40 kwenye chumba kimoja, mpe mchezaji risasi tatu, kisha waambie watu kwamba hiyo ni changamoto.

Baada ya hapo tengeneza mchezo wa kweli. Lazima uanze shujaa akiwa chumbani kwake, na chumba hicho kiwe chako. Weka kitanda, friji, na kaka mkubwa mwenye kuudhi. Kaka ni "kitu", na kitu katika ZZT kina moyo wake, unaouandika wewe:

@Kaka
#end
:touch
Toka chumbani kwangu!
#end
:shot
Aa! Nitamwambia mama!
#die

Mstari wenye @ ndio jina lake. Mistari yenye nukta pacha ni masikio yake: akiguswa anaanzia kusoma hapa, akipigwa risasi anaanzia pale. #end humwamuru atulie, na #die humwondoa duniani. Ukitaka akutukane vingine ukimgusa mara ya pili, andika :touch mbili, na chini ya ile ya kwanza uweke #zap touch. Amri hiyo huliziba sikio la kwanza, mguso unaofuata ukasikika kwenye la pili. Kwa hila hiyo kaka anaweza kuwa na matusi matatu, kila moja na zamu yake, halafu akafa.

Onyo: usithubutu kuita jambo hili kuprogramu. Mwalimu akisikia litakuwa somo, na likiwa somo litakuwa na mtihani. Wewe sema unacheza. Miaka ikipita, mhadhiri atasimama mbele ya darasa aeleze habari za vitu vinavyotumiana ujumbe, wenzako wakune vichwa. Wewe utakuwa unamwona kaka yako.

Hatua ya 5: Gombana na kuta

Mbio za sakafuni huishia ukingoni, na sakafu ya ZZT ni fupi. Ubao mmoja una upana wa herufi 60 na urefu wa 25. Viumbe na vitu vyenye uhai havizidi 150 hivi kwa ubao. Bendera, yaani mambo ambayo dunia yako inaweza kuyakumbuka, ni 10 basi. Kama ulimpa mzee mkate, hiyo ni bendera. Kama ulifungua lango, ni bendera nyingine. La 11 halipati nafasi. Ukiandika hadithi ndefu itabidi uamue mhusika asahau nini, kazi ambayo hata watunga riwaya huwashinda.

Lalamika kwa sauti. Kisha fanya walichofanya wote: danganya. Ficha kitu nyuma ya ukuta, mahali ambapo mchezaji hafiki, kiwe mtambo wa siri unaoamrisha ubao mzima. Tumia #change kugeuza kuta za rangi moja kuwa za rangi nyingine, useme kumepambazuka. Tengeneza pambano la mashujaa na madubwana kama yale ya michezo ya Kijapani, ingawa programu haina habari na mapambano ya namna hiyo. Ukiona mchezo wa mwenzako una rangi ambazo kihariri chako hakikupi, jua kuna watu waliogundua kwamba rangi hizo zilikuwemo tangu mwanzo, ni kihariri tu kilichokuwa hakizitoi. Wakazikusanya kwenye mbao za kunakili, wakaziita Super Tool Kit, wakazigawa kwa kila aliyetaka. Angalia walivyopotoka kibiashara: wana siri, na wanaigawa bure.

Hatua ya 6: Fungua kampuni

Sasa umekomaa. Una mchezo nusu, basi una haki ya kampuni nzima. Tafuta jina lenye maneno kama "Interactive", "Software" au "Productions". Chora nembo kwa vijiraba, ipambwe na #play yenye noti zinazopanda kama wimbo wa taifa dogo. Jipe cheo cha Mkurugenzi Mkuu. Mwenzako unayemjua kwa jina la bandia tu, aliyeko jimbo ambalo hujawahi kufika, mpe idara ya muziki. Wiki ijayo mfukuze kwa utovu wa nidhamu. Atafungua kampuni yake, na hivyo ndivyo sekta hukua.

Asikucheke mtu. Yule wa Potomac naye alikuwa kijana mwenye jina kubwa nyumbani kwa wazazi. Aliuza nakala tatu au nne kwa siku, akaona zinampa kama dola 100, akaamua hii ni kazi. Jina nalo akalibadilisha liwe kubwa zaidi: Epic MegaGames.

Hatua ya 7: Jiunge na waumini

Wenzako wapo America Online, huduma ya mtandao inayofikiwa kwa laini ya simu. Kabla ya Desemba 1996 huduma hiyo ilihesabu saa: dola 9.95 kwa mwezi kwa saa tano, halafu dola 2.95 kwa kila saa ya ziada. Kwa hiyo soma upesi, bishana upesi, pakua upesi, na bili ikija uwe nje ya nyumba.

Humo utakuta mtoto wa miaka 11 akichambua kazi ya mtoto wa miaka 12 kwa ukali ambao maprofesa huuweka akiba kwa maadui zao. Utakuta majarida, tuzo, mapinduzi na maridhiano. Miaka ikisonga, jamii hiyo itakuwa na mashindano ya kutengeneza mchezo mzima ndani ya saa 24 juu ya mada iliyotangazwa papo hapo. Usiseme ni utoto. Mwaka 1992 Epic MegaGames yenyewe ilikusanya kazi za wachezaji walioshindanishwa, ikazitoa kama Best of ZZT na ZZT's Revenge, na baadhi ya washindi ikawapa kazi.

Jambo la kuepuka humu ni mtu kukuchukulia kwa uzito. Nyumbani wewe ni mtoto anayeambiwa azime mashine akalale. Huku kuna mtu aliyecheza mchezo wako mpaka mwisho, akakuandikia aya nne kueleza kwa nini ubao wa sita hauna maana. Ukishaonja hilo, hutapona. Anna Anthropy alikuwa mtoto wa aina hiyo. Akakua, akawa mtengenezaji wa michezo, na mwaka 2014 akaiandikia ZZT kitabu kizima.

Hatua ya 8: Usimalize

Mchezo uliokamilika unaweza kuhukumiwa. Uliotangazwa hauna kasoro. Toa onjo lenye mbao tatu. Tangaza sehemu ya pili kabla ya ya kwanza. Mwaka 1994 ikitoka MegaZeux, yenye rangi zaidi, sauti zaidi na uhuru wa kuchora herufi zako mwenyewe, hama na kampuni yako yote, ukautangaze kule mchezo ule ule. Ukiulizwa umefikia wapi, jibu kwamba kuna matatizo ya idara ya muziki.

Hatua ya mwisho: Kagua tahajia

Pengine unajiambia kwamba haya yote yatapotea, kwa hiyo hakuna haja ya kujisumbua. Hesabu hiyo hata wakubwa waliikosea. Sweeney alikwenda mbali: kampuni ya nyumbani kwa wazazi ikawa Epic Games, ikatoa Unreal mwaka 1998 na Fortnite mwaka 2017. Lakini msimbo wa asili wa ZZT, ile Pascal aliyoiandika kwa mkono wake, ulipotea. Mwaka 2020 mwanaprogramu mmoja kutoka katika ile ile jamii ya wapenzi aliujenga upya kwa kuipekua programu iliyokwisha kutengenezwa, akatoa kazi hiyo iwe ya wote, kwa ridhaa ya Sweeney.

Watoto, kwa upande wao, waliokoa vingi. Dunia zao zimekusanywa kwa maelfu katika hifadhi iitwayo Museum of ZZT: zilizokamilika, zilizoishia ubao wa tatu, zenye wigo wa njano, zenye kaka anayekufa. Nembo za kampuni zimo, majina ya wakurugenzi yamo, na matusi kwa waliofukuzwa yamo vile vile yalivyoandikwa usiku wa manane na mtu wa miaka 13.

Kwa hiyo kabla ya kuhifadhi faili, pitia maandishi yako mara moja zaidi. Na kama una ugomvi na idara ya muziki, umalizeni kwa simu.