Tumbili Wamemkosea Mwenye Nyumba

Tuwapongeze wenye nyumba za kupangisha watalii pale Diani, pwani ya Kenya. Mgeni akifika anakabidhiwa funguo, nywila ya intaneti na maelezo ya kurasa tatu kuhusu mashine ya kahawa. Kuhusu tumbili, kimya. Kwani mgeni atishwe ya nini? Akiacha dirisha la jikoni wazi na ndizi mezani, atapata bure burudani ambayo Maasai Mara inalipiwa kwa dola: mmoja mkono umezama kwenye kopo la sukari, mwingine juu ya friji, wa tatu anatoka na mkate mzima kwapani, hana haraka, kama mtu aliyelipia.

Na akiwarushia biskuti ili apate picha, aachwe. Picha hizo ndizo tangazo lenyewe. Mshamba ni mbega, mla majani, anayejipitia zake kwenye daraja la kamba juu ya barabara bila kuomba kitu.

Siku mgeni aking'atwa kidole, mwenye nyumba hachelewi kupiga simu: tumbili wamezidi, wahamishwe. Ana haki. Msitu wenyewe si umekuja juzi tu, ukajibanza kwenye bwawa lake la kuogelea?