Shusha Petroli, Pandisha Dizeli

Kwanza uwe na pikapu. Iwe Hilux ya mwaka 1988, nyeupe iliyokwisha kuwa rangi ya uji, yenye injini ya petroli ya 22R, ile ya karbureta, cc 2,366, inayowaka asubuhi kwa nusu ufunguo na kunywa wese kama mgeni wa harusi aliyesikia soda ni za bure. Iwe haina tatizo lolote. Hilo ni la lazima. Mwenye injini iliyokufa anabadilisha kwa sababu hana njia nyingine. Mwongozo huu ni wa yule ambaye injini yake ni nzima na bado usiku hapati usingizi mpaka aitoe.

Halafu piga hesabu. Ipige jioni ya Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakishatangaza bei kikomo za mafuta, maana hasira inasaidia sana kujumlisha. Tuseme petroli inakula lita 14 kwa kilomita 100, dizeli itakula 10. Kwa mwaka unatembea kilomita 10,000. Umeokoa lita 400. Tuseme lita ni shilingi 3,000: hiyo ni milioni moja na laki mbili kila mwaka, ilikuwa inadondoka tu barabarani. Ishia hapo. Usiguse mstari wa gharama. Mimi niliugusa, nikakuta kazi nzima ni milioni saba, yaani faida ningeanza kuiona mwaka wa sita. Nikachana karatasi. Na wala usikumbuke kwamba ipo miezi ambayo dizeli ni ghali kuliko petroli.

Mama watoto akiuliza, mwambie dizeli ina nguvu. Sema haraka na ubadilishe mazungumzo, kwa sababu injini unayoipandisha, 3L ya cc 2,779, ina nguvu za farasi kama 90, na hiyo unayoishusha ina kama 100. Unalipa milioni saba kuwapunguza farasi kumi. Ila farasi wa dizeli ni punda: hawana mbio, lakini wanavuta tangu chini, injini ikiwa bado inazunguka polepole, na mtu aliyepakia magunia ya mpunga hana haja ya mbio. Hiyo ni kweli tupu. Itunze, maana katika safari hii kweli nyingine utakazokutana nazo ni chache.

Kwa injini nenda Dar es Salaam, Gerezani, na uende na kandambili; ukivaa viatu bei inapanda. Utazikuta zimelala juu ya tairi kuukuu, na kila muuzaji atakuapia kwamba yake imetembea kidogo, ilikuwa ya mzee mmoja wa Kijapani aliyekuwa akienda nayo dukani tu. Inaonekana Japani nusu ya wazee walikuwa wakienda dukani na Hilux. Muuzaji atachomeka mpira kwenye dumu la dizeli, atagusisha betri, itawaka. Kabla hajafika huko, weka kiganja kwenye bloku. Ikiwa ina joto, ujue wameshaiwasha kabla hujaja, na tabia yake ya alfajiri utaijua ukishaifikisha kwako. Ikishawaka, fungua kifuniko cha oili, kigeuze, kiache juu ya tundu lake bila kukikaza. Kikitulia, toa hela. Kikirukaruka kama kifuniko cha sufuria ya maharage, injini inapumua, ringi zimekwisha. Changu kilicheza kidogo. Muuzaji akasema, "Hiyo ni afya, bosi." Nikatoa hela.

Mwenye akili hununua pua nzima ya gari lililokatwa nusu: injini, gia boksi, rejeta, mauntingi na waya zake, vyote vikiwa vinafahamiana tangu kiwandani. Mimi nilinunua injini peke yake kwa kuwa ilikuwa rahisi, kisha nikarudi mara nne kununua vilivyobaki, kimoja kimoja, kwa mtu yuleyule, ambaye kufikia mara ya tatu alikuwa akiniagizia chai. Gia boksi ya petroli haiingii kwenye dizeli hii. Matundu ya bolti hayaonani. Fundi atakwambia anaweza kuchonga bamba la kuziunganisha. Anaweza kweli. Mkatalie.

Rudolf Diesel mwenyewe, baba wa injini hii, alipanda meli kwenda Uingereza tarehe 29 Septemba 1913, akala chakula cha usiku, akaenda chumbani, na hakuonekana tena akiwa hai. Alikuwa na madeni. Watu wanabishana mpaka leo kilimpata nini. Mimi nilipotajiwa bei ya gia boksi sikuona cha kubishania.

Kushusha injini ni kazi nyepesi, na ndiyo sehemu utakayopiga picha. Gereji yetu hapa Morogoro ina mwembe wenye tawi moja lililopinda kwa miaka ya kubeba injini za watu. Baada ya saa mbili 22R yangu ilikuwa inaning'inia kwenye mnyororo, ikidondosha oili tone moja moja. "Siku tatu, mzee, unakuja kuchukua gari," fundi akasema. Siku tatu za fundi huanza kuhesabiwa siku ambayo spea ya mwisho imepatikana, na spea ya mwisho haijulikani ni ipi mpaka ikosekane.

Faraja ni kwamba Toyota wenyewe waliiuza Hilux hiihii ikiwa na dizeli. Namba ya chasisi yangu inaanza na RN, ya dizeli huanza na LN. Hiyo herufi ya kwanza ndiyo ukoo wa injini. Tafuta mauntingi za LN, injini itakaa kama imezaliwa hapo. Ukizikosa, utachomelea, na tangu siku hiyo kioo cha pembeni kitakuonyesha magari mawili mawili.

Sasa umeme. Dizeli haina koili wala plagi za kuchoma, kwa hiyo fundi umeme atakwambia kazi ni ndogo. Waya wa maana ni mmoja, unaokwenda kwenye solenoidi ya pampu: ukipata moto, mafuta yanapita, ukikosa, injini inazima. Wetu aliuunga moja kwa moja kwenye betri. Tulipotoa hewa kwenye mabomba, kijana akisukuma kile kibonyezo cha juu ya filta mpaka dole gumba likawa jekundu, injini ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikakubali. Watu wakapiga makofi. Nikazungusha ufunguo kuzima. Ikaendelea. Nikauchomoa, nikautia mfukoni. Ikaendelea kunguruma, kama mjomba anayesimulia habari za ujana wake hata mkishazima taa. "Tia gia ya nne, kanyaga breki, achia klachi," fundi akasema bila kugeuka, kwa sauti ya mtu ambaye si mara yake ya kwanza. Siku nne nilizima gari kwa staili hiyo, moja ikiwa Ijumaa mbele ya msikiti, wakati wa hotuba.

Breki nazo. Injini ya petroli inaponyonya hewa kupitia karbureta, ule mnyonyo ndio unaolisaidia kanyagio la breki kuwa laini. Dizeli haina mnyonyo wa aina hiyo, ndiyo sababu 3L huwekewa pampu ndogo nyuma ya altaneta. Kwa hiyo altaneta unayouziwa itazame mgongoni: iwe na mkia. Yangu haikuwa nao, na bei yake ilikuwa nzuri sana. Nililijua hilo nikishuka kutoka Uluguru na mikungu ya ndizi. Nilikanyaga mara ya kwanza, breki ikashika kidogo. Nilikanyaga tena, nikawa kama nakanyaga ngazi ya mawe. Kijana wa spana, aliyekaa nyuma juu ya ndizi, aliruka kabla sijamwambia lolote. Hawa vijana wana elimu yao. Nilisimamishwa na lundo la mchanga wa mtu anayejenga, na mwenye mchanga akasimama nami mpaka nikaurudisha wote kwa koleo.

Kadi ya gari irekebishwe. Namba ya injini iliyo kwenye kadi na iliyo kwenye bloku zikitofautiana, trafiki ana kila sababu ya kudhani umeiba, na risiti iliyoandikwa kwa mkono nyuma ya pakiti ya sigara haitamtuliza. Mshale wa mizunguko kwenye dashibodi hautacheza tena, kwa kuwa ulikuwa ukipata habari zake kutoka kwenye koili. Mzoee.

Halafu kuna mfuniko wa tangi, jambo dogo ambalo hakuna fundi atakayekukumbusha. Wangu ulikuwa na kibandiko chekundu cha mwenye gari wa kwanza: PETROLI. Nilifika kituoni, nikazima kwa ufunguo kwa fahari zote, nikamwambia dada wa pampu, "Jaza," nikaendelea na simu. Akasoma, akatii. Lita 38.

Likikupata hilo, usiwashe. Ile pampu inalainishwa na dizeli yenyewe. Petroli inaikausha, na bei ya pampu sitaitaja hapa, kuna watoto wanasoma. Tulilisukuma gari pembeni, nikampigia fundi. Alifika na madumu na mpira, akanyonya tangi lote, akasema mchanganyiko ule utafaa kuoshea spea. Alikuwa na pikapu yake, ambayo siku zote niliijua kwa mlio wa dizeli, lakini safari hii ilikuja kimya. Nikamwomba afungue boneti. Ndani ilikuwa 22R yangu, ile niliyomwachia kufidia deni la mauntingi.

"Dizeli inasumbua, mzee," akasema, akaifunga, akapanda. Ikawaka kwa nusu ufunguo.