Kabla Hujaizika Gia Boksi

Gari la otomatiki lililovuka miaka 20 likianza kugoma kubadili gia, waombolezaji hufika kabla ya fundi. Jirani anatangaza kuwa gia boksi imekwisha. Shemeji anamjua mtu wa mtaa wa Gerezani mwenye gia boksi ya Corolla iliyoshuka bandarini juzi. Jua linapozama, mwenye gari ameshaanza kutafuta mnunuzi wa kiwanja. Ninachoomba ni kuahirisha mazishi kwa siku moja, maana hela ya gia boksi ni hela ya ada za watoto, na marehemu mara nyingi bado anapumua.

Anza na oili, na uipime inavyotakiwa. Kwa Toyota yenye kijiti cha kupimia, liendeshe gari mpaka lipate moto, kisha lisimamishe mahali tambarare bila kuzima injini. Kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kutoka P hadi L ukituama kidogo kila kituo, urudi P. Chomoa kijiti, kipanguse, kirudishe, kichomoe tena, usome kwenye alama za HOT. Fundi anayezima injini kwanza, kama apimavyo oili ya injini, ataiona oili imejaa kumbe imepungua, kwa sababu iliyokuwa ikizunguka juu imeshuka chini. Mwenye Honda ya zamani ndiye anayezima, na apime ndani ya dakika moja hivi.

Itazame oili hiyo, kisha uinuse. Nyekundu inayopitisha mwanga ni nzima. Ya kahawia imezeeka. Nyeusi yenye harufu ya kuungua inasema sahani za klachi za ndani zimeanza kuliwa. Ikiwa pinki yenye weupe wa maziwa, maji ya rejeta yamepenya kwenye bomba la kupooza oili lililo ndani ya rejeta hiyo: zima gari hapo hapo, ulipakize kwenye gari la kubebea.

Sasa themostati, na hapa naongea kwa hasira. Mafundi wetu huitoa na kuitupa kwa hoja kwamba nchi ni ya joto. Lakini kompyuta ya Toyota nyingi za miaka ya 1990 hairuhusu gia ya 4 mpaka maji ya injini yapite nyuzi joto 50 na kitu. Lipeleke gari lisilo na themostati Njombe asubuhi ya Julai, au Limuru, uteremke nalo mlima: injini inapoa, gia ya 4 haiji, injini inalia kwenye mwendo ambao zamani ilikuwa imetulia. Mwenye gari anauziwa gia boksi nzima kwa kosa la kidude kinachoenea kiganjani. Muulize fundi wako leo kama themostati ipo. Akicheka, irudishe.

Kuna pia taa ya O/D OFF kwenye dashibodi. Ikiwaka bila kupepesa, kuna mtu amebonyeza kitufe kilicho kwenye mkono wa gia, pengine goti la abiria. Kibonyeze tena, umepona bure. Ikipepesa, kompyuta imeandika kosa na inataka kulitaja. Katika Toyota za miaka hiyo zenye kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, hakikisha kitufe hicho hakijazima gia ya 4, unganisha matundu ya TE1 na E1 kwa kipande cha waya, washa swichi bila kuwasha injini, uhesabu mapepeso. Manne, kituo, mawili: ni 42, sensa ya mwendo. Namba 62 na 63 ni solenoidi za kubadilishia gia. Kwenye gia boksi nyingi za aina hii hufikiwa kwa kufungua sampu tu, gia boksi ikibaki garini.

Wapo wagonjwa wa kusingiziwa. Kishindo unapoingiza D au R kinaweza kutoka kwenye raba za kushikilia injini zilizopasuka. Gari linalotetemeka kwenye mlima huenda lina plagi moja isiyochoma. Mkono wa gia ukikataa kutoka P, mwombe mtu asimame nyuma atazame taa za breki. Zisipowaka, tafuta fyuzi au swichi ya pedali. Na gia zikichelewa kuingia kisha zikaingia kwa nguvu, kagua kebo inayotoka kwenye throto kwenda gia boksi, kwa zile zenye kebo.

Yote hayo yakiwa sawa, pima kusita. Injini ya moto, ikinguruma taratibu, breki ya mkono na ya mguu zimekamatwa, mwenzako ameshika saa ya simu. Kutoka N kwenda D, Toyota inataka gari lishike kabla ya sekunde 1.2, kwenda R, kabla ya 1.5. Likikawia zaidi, au mshale wa mizunguko ukiruka juu kati ya gia ya 2 na ya 3 huku gari halikazi mwendo, fungua sampu. Ute laini wa kijivu kwenye sumaku iliyo ndani yake ni uchakavu wa kawaida. Vipande vya chuma unavyovisikia kati ya vidole ni kilio halali, na sasa shemeji apigiwe simu.

Nunua gia boksi yenye namba ya modeli ile ile, iliyochapwa kwenye kibati cha gari lako. Kabla ya kuifunga, sukuma oili safi na upepo ndani ya mabomba ya kupoozea na sehemu yake ndani ya rejeta mpaka itoke bila takataka, maana vyuma vilivyoiua ya kwanza vimejificha humo, na vitaingia kwenye ya pili siku ya kwanza utakapowasha.