Pasi Imekamatwa Galveston

Wapendwa wa Mbinga mjini, Litembo, Liuli na Mbamba Bay, pasi ya ndugu yenu imekamatwa. Ilikamatwa saa tano asubuhi katika bandari ya Galveston, jimbo la Texas, ikiwa imelala salama katikati ya mashati mawili. Mlinzi aliitoa kwenye begi, akaiinua juu watu wote wa foleni waione, akaandika kikaratasi, akampa mwenyewe nakala, kisha akaitumbukiza kwenye sanduku la plastiki lililokwisha kuwa na mabirika mawili ya umeme, waya za soketi na mshumaa unaonukia vanila. Vyote vitarudishwa siku ya kushuka melini.

Mnamjua ndugu yenu. Tangu enzi za pasi ya mkaa hajawahi kuingia misa ya Mtakatifu Kiliani na kola iliyojikunja. Akauliza kwa adabu: meli yenye mabwawa ya kuogelea juu ya paa, kumbi za maonyesho na majiko yanayolisha maelfu ya watu usiku na mchana, itishwe na pasi moja ya Mmatengo? Jibu lilikuwa fupi: moto. Nyumba ikiungua Mbinga watu wanatoka nje. Meli ikiungua, nje ni bahari, na wazimamoto ni mabaharia haohao. Ndiyo maana kampuni nyingi za meli za kitalii zinapiga marufuku pasi, birika na kila kinachopashwa moto chumbani. Basi akapanda na kola yake ilivyo, na paketi ya kahawa ya Mbinga asiyokuwa na pa kuichemshia. Msimhurumie sana kwa hiyo kahawa. Amekulia nyumba ambamo kahawa ni ya kupeleka kwenye ushirika wa AMCOS, na ya kunywa ni chai ya rangi.

Safari yenyewe waliibuni wenzake wa kazini huko Houston, wauguzi na watunza wazee, watu ambao mwaka mzima huamka usiku kumgeuza mgonjwa wa mtu mwingine. Walilipa kidogo kidogo kwa mwezi. Na kabla ya kuondoka wazoefu walimpa semina nzima ya siku ya kwanza: fika mapema, kula kabla ya umati, hudhuria zoezi la usalama haraka uachane nalo, weka nafasi ya chakula cha jioni na maonyesho kabla hazijajaa, nenda bwawani wakati wengine bado wanatafuta vyumba. Kwa kifupi, anayekwenda kupumzika atakimbia mpaka jua lizame, maana siku hiyo imeshalipiwa na hakuna anayetaka kuiacha ipotee bure.

Mtihani wa kwanza ulikuwa sanduku. Mtu aliyewahi kupanda basi stendi ya Songea anajua sheria ya mzigo: humwachii mtu, hata aseme mmesoma naye shule ya msingi. Galveston, mpagazi usiyemjua anashusha sanduku garini, analifunga lebo yenye namba ya chumba, analipakia kwenye toroli la chuma pamoja na mengine mia, na linaondoka. Wewe unapaswa kumpa bakshishi na kutabasamu. Sanduku litakukuta mlangoni alasiri, pengine jioni. Ndiyo maana wazoefu wanasisitiza uwe na begi dogo la mkononi lenye dawa, pasipoti na nguo ya kuogelea. Ndugu yenu alikuwa nalo. Ndani yake aliweka pia suti, kwa hofu ya kuonekana mshamba wakati wa chakula cha jioni, na hivyo akazunguka meli nzima mchana kutwa na suti begani, jua la Texas likimtazama.

Kuhusu ukubwa, mchukue kipimo cha nyumbani. MV Mbeya II, iliyoanza kazi Ziwa Nyasa mwaka 2021, hubeba abiria 200 na tani 200 za mizigo. Meli kubwa ya kitalii iitwayo Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Miami Januari 2024, ina urefu wa mita 365, ina sitaha 20 na inaweza kuchukua abiria 7,600, mbali na wafanyakazi 2,350. Abiria hao MV Mbeya II ingewahamisha kwa safari 38, bila kuhesabu kuku. Meli aliyopanda ndugu yenu ni ndogo kuliko hiyo, lakini bado alipotea mara tu alipogeuka kona, na akasaidiwa na mtoto wa miaka kama minane aliyemwambia kwa huruma kwamba mbele ya meli ni upande ule.

Chakula cha mchana ndicho kilichomshinda. Ukumbi wa juu umejaa meza za vyakula, kila mtu anajipakulia, na hakuna anayekuuliza umerudi mara ya ngapi. Akaona kibao kimeandikwa tilapia, moyo ukamruka. Akakuta mstatili mweupe. Hauna kichwa, hauna mkia, hauna mwiba hata mmoja. Mtu wa Mbamba Bay humtazama samaki jicho kabla ya kumnunua, na mezani kichwa kina mwenyewe anayejulikana. Huyu hapa hakuwa na uso wa kutazamwa. Ndugu yenu alimla taratibu, akiutafuta mwiba kwa ulimi kwa mazoea, na alipomaliza sahani ilikuwa safi, haina hata mfupa wa kumtupia paka.

Sasa zoezi la usalama, ambalo ndilo amri ya kwanza ya siku na halina msamaha. Kadi yako ina herufi ya kituo. Unatazama filamu fupi kwenye runinga ya chumbani au kwenye simu, unasikilizishwa king'ora, milio saba mifupi na mmoja mrefu, kisha unakwenda kituoni kwako, mfanyakazi anaisoma kadi yako kwa mashine na kukuonyesha jinsi ya kufunga boya. Zamani abiria wote walipangwa kwenye sitaha kwa wakati mmoja. Janga la korona lilipokuja, kampuni nyingi zikabadili ili watu wasisongamane. Ndugu yenu aliwatazama waliokuwa kituoni, kaptula, kandambili, vikombe vyenye miavuli midogo ya karatasi, mmoja akitafuna pizza. Akawakumbuka wazee wa mwambao wanaocheza mganda, ngoma iliyochota gwaride la wanajeshi enzi za vita ikaligeuza kuwa burudani, mstari umenyooka, soksi nyeupe zimevutwa hadi magotini. Huku burudani ndiyo imeligeuza gwaride.

Lakini alipofika kwa yule mfanyakazi, utani ulimwisha. Sheria hii ina makaburi nyuma yake. Titanic ilizama Aprili 1912, na mwaka 1914 mataifa yakaandika mkataba wa kwanza wa usalama wa maisha baharini. Januari 2012 Costa Concordia iligonga mwamba Italia, watu 32 wakafa. Waliopanda jioni ileile walikuwa hawajafanya zoezi, kwa sababu sheria ya wakati huo iliruhusu lifanyike ndani ya saa 24. Tangu 2015 zoezi hufanyika kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Nasi hatuhitaji kusimuliwa ya Italia. Ziwani kwetu MV Vipya ilizama Julai 1946, ikaua watu 145. Ziwa Victoria ikaja MV Bukoba ya Mei 1996. Ikaja MV Nyerere ya Septemba 2018. Ndugu yenu aliomba kufundishwa boya kwa mara nyingine, mkanda wa kiunoni na kifundo chake, filimbi iko wapi, taa inawashwaje. Nyuma yake foleni ilianza kukohoa. Wakohoe. Kwetu ni wangapi wamesafiri kutoka Kiwira hadi Mbamba Bay wakiwa wamelala juu ya boya, wamelifanya mto?

Kadi hiyo iliyosomwa na mashine inastahili aya yake, kwa sababu ndiyo mkuu wa meli. Inafungua mlango. Inawasha taa za chumba ukiichomeka ukutani, na ukiichomoa unabaki gizani na soksi moja. Inakutambulisha ukishuka na ukipanda. Na inalipa, kwa sababu melini hakuna noti wala sarafu. Tatizo ni kwamba cha bure na cha kulipia vimekaa bega kwa bega. Maji ya bomba bure, ya chupa yanalipiwa. Juisi ya limau bure, soda inalipiwa. Mgahawa huu bure, ule wa jirani unalipiwa, na milango yao inafanana. Juu ya hayo, kila siku akaunti yako inakatwa bakshishi ya wahudumu, dola kama 16 hadi 20 kwa mtu, hata kama umeshinda umelala. Ndugu yenu alikaa na kadi hiyo mkononi na kuuliza kila kaunta, “Hii ni bure?” mpaka akauliza hivyo hivyo kwenye kaunta ya maelezo. Kwenye chumba cha masaji, ambako siku ya kwanza abiria hualikwa kutembezwa na kuvutiwa, dada alimtajia bei, naye akataja nusu yake, ndivyo alivyolelewa na soko la Mbinga. Dada alicheka sana, akidhani ni kichekesho. Akaondoka akitembea polepole ili aitwe. Hakuitwa.

Chumba chake hakina dirisha, maana visivyo na dirisha ndivyo vya bei yake. Runinga ina kituo kimoja kinachoonyesha kamera ya mbele ya meli. Basi ndugu yenu, mtu aliyekulia akilitazama ziwa bila kulipa senti, amelala baharini akiitazama bahari kwenye runinga. Aliiacha imewaka usiku kucha.

Kabla ya nanga kung'olewa saa kumi jioni, wazoefu walipiga kelele: simu! Weka kwenye hali ya ndege, maana nje ya bandari itashika mnara wa meli unaopita satelaiti, na bili yake inaweza kumaliza mauzo ya gunia la maharage. Akatii, akabaki bila habari za dunia. Watu wa Liuli mnaelewa hatari yake kuliko abiria wote. Agosti 1914, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa juu nchi kavu ikitengenezwa hapo Liuli, wakati ule ikiitwa Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe la Pomonda lenye umbo la Sfinksi. Nahodha wake, Berndt, alikuwa hajapata habari kwamba vita vimeanza. Akaja rafiki yake wa kunywa naye, Mwingereza Rhoades, na meli ya Gwendolen, akaifyatulia mzinga. Inasimuliwa kwamba Berndt alipiga makasia hadi kwenye meli ya rafiki yake kwa hasira, akimuuliza kama amelewa. Akatekwa hapohapo. Kwa hiyo kama huko Litembo kuna kikao cha mahari au ugomvi wa mpaka wa shamba, ndugu yenu anaomba kisianze mpaka awashe simu.

Jioni, mhudumu aliyekuja mezani alikuwa na beji. Wafanyakazi wengi hubeba jina na nchi kifuani, nyingi zikiwa Ufilipino, Indonesia na India. Beji hii iliandikwa Kenya.

“Mambo vipi?” ndugu yenu akasema.

Sahani zilicheza mkononi. “Aah! Kumbe wewe mwenzetu! Watoka wapi?”

“Mbinga.”

“Mbinga ndiyo wapi? Karibu na Dar?”

“Ukifika Dar unakwenda Songea, karibu kilomita elfu moja. Halafu ndiyo unaanza kuuliza Mbinga.”

“Basi hiyo si Tanzania, hiyo ni Msumbiji.”

“Bado kidogo.”

Mhudumu huyo ni mtu wa Likoni, amekulia kwenye feri, na mkataba wake ni wa miezi minane, kazi kila siku. Alikwenda akarudi na kibakuli cha pilipili kilichofunikwa kitambaa, kitu ambacho hakikuwa kwenye menyu. Mmoja amelipa ili awe humu, mwingine analipwa ili awe humu, na wote wawili wakaongea habari za samaki mpaka msimamizi akakohoa. Ukitoka hapo, kwenye korido watu wanakwambia “hai” na kupita. Ndugu yenu husimama kujibu, na anapomaliza kusema nzuri, je, nyumbani hawajambo, mwenzake ameshaingia kwenye lifti. Kwenye meli yetu, mkifika Lupingu umeshajua mtoto wa jirani yako anaumwa nini, Manda mnakula mihogo pamoja, na Liuli kuna mama ameshauliza kama umeoa.

Sasa yenu. Kijana anayetaka kutafutiwa kazi melini ajifunze kwanza kuogelea, asiseme anajua kwa sababu amezaliwa Mbamba Bay. Mama asisumbuke kuhusu chakula, kipo. Na kuhusu fedha ya mbolea: itatumwa wiki ijayo mtandao ukirudi. Anayetaka kusema kwamba mwenye hela ya meli hawezi kukosa hela ya mbolea, aseme, ila azingatie kwamba meli ililipwa kwa mafungu ya kila mwezi, na yule muuzaji wetu wa pembejeo, mnamjua wenyewe, mafungu hataki hata kuyasikia.